Utomvu Mikononi mwa Birindwa

Kila Jumamosi Clémence alikata ndimu mbili, akamsugua mumewe mikono mpaka utomvu mweusi wa tumbaku utoke, ili Jumapili aingie kanisani akiwa safi. Birindwa alikuwa muuguzi Bukavu kwa miaka kumi na saba, na ndugu zake wote wa Amerika waliamini kwamba hata Louisville alikuwa muuguzi. Clémence ndiye aliyewaambia hivyo. Hakutaka ukoo usikie kwamba vyeti vyake havikutambuliwa, na kwamba kila alfajiri gari la shamba lilimchukua mtaani kwao Newburg kwenda kukata tumbaku.

Majani yakiwa na umande, sumu ya tumbaku mbichi hupenya ngozi. Birindwa alilijua hilo kuliko msimamizi wake. Aliomba glavu, aliambiwa shamba dogo halina wajibu huo. Alirudi nyumbani akitapika, miguu haimshiki.

Septemba 2014 binti wa Karoli, mdogo wake Birindwa aliyekaa Buffalo, aliolewa Columbus, katikati ya njia, ili pande zote zifike. Birindwa alikata tumbaku iliyolowa mvua hadi adhuhuri, akaingia garini moja kwa moja. Aliposimama kutoa baraka, aliyumba, akatapika juu ya kitambaa cheupe cha maharusi.

"Yaya, bon, ungengoja kwanza tukate keki!" Karoli alimtania kaka yake, na watu wakacheka. Kisha akasogea karibu, uso umembadilika. "Donc, kumbe ni pombe?"

Birindwa alimtazama mkewe. Neno moja lingetosha. Clémence aliinamisha macho.

"Amechoka tu, shemeji. Kazi ya hospitali."

Habari kwamba Birindwa alilewa harusini ilifika Newburg kabla yao. Kanisa likamvua ushemasi, na Karoli akaacha kupiga simu. Birindwa hakujitetea. Jumamosi moja tu, mikono yake ikiwa ndani ya beseni, alimuuliza mkewe kwa upole:

"Mama Patricia, kumbe bora mulevi kuliko mukata tumbaku?"

Clémence aliendelea kusugua.

Wenzake Birindwa wa gari la shamba walisali kanisa lile lile. Kwa hiyo Agosti iliyofuata, alipoanguka bandani, hakuna aliyeshtuka. "Mumuache alale, pombe itaisha," alisema mmoja. Walimlaza kivulini, wakarudi kukata. Byamungu, rafiki yake, alikwenda kumtazama baada ya saa mbili. Mwili ulikuwa umeanza kupoa.

Oktoba kamati ya afya ilikaa mjini kusikiliza habari za wafanyakazi wa mashambani. Clémence alimwita Karoli kutoka Buffalo, akamketisha safu ya nyuma. Mwanakamati mmoja alisema kanuni mpya za kuwalinda hazihitajiki, kwani hakuna mfanyakazi aliyewahi kulalamika. Clémence akasimama.

"Mume wangu hakulalamika kwa sababu mimi nilimfunga mdomo. Niliona aibu. Jina lake ni Birindwa. Hakuonja pombe maisha yake yote. Ninyi mlingoja malalamiko. Mimi nilingoja isijulikane. Yeye aliugua katikati yetu."

Mwenyekiti alimpa pole, akaeleza kwamba ripoti itasema "mfanyakazi mmoja", ili kulinda heshima ya familia.

"Heshima gani? Andikeni jina."

"Utaratibu hauruhusu, mama."

Mlangoni palikuwa na daftari la waliohudhuria, jina na kazi. Clémence alichukua kalamu, akaandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: Birindwa, mkata tumbaku.

Karoli alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Na ile siku ya Columbus?"

"Ilikuwa tumbaku, shemeji."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Karoli alivaa kofia yake, akashuka ngazi, akaondoka bila kumpa mkono.