Udongo Mweusi wa Bonde la Mama

Enzi zetu kule Busunzu, mtoto akirudi kutoka bondeni mama hakuwa na haja ya kumuuliza alikuwa wapi. Aliangalia miguu. Vumbi jekundu, ulikuwa kwenye maharage, afadhali. Udongo wa kijivu ulioganda kama soksi, ulikuwa unafinyanga ng'ombe badala ya kuchota maji. Tope jeusi mpaka magotini, lenye harufu ya yai viza, basi umekwisha, maana umeingia kwenye mafunjo.

Mama tumemzika mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakatika. Tangu hapo nimekuwa nikishuka bondeni hata nisipokuwa na kazi huko. Nikifika nakaa tu.

Wa rika langu mtakumbuka. Juu, penye udongo mwekundu, maji hayakai, na huko waliishi fuko na mchwa, nasi tukipigana nao kila msimu kwa ajili ya mihogo. Ukishuka kidogo unakuta ule wa kijivu, unaonata, ambao mvua ikinyesha hushika maji juu yake kama sufuria. Hapo ziliota nyasi ndefu za kuezekea, na kaa walichimba mashimo yao, na vyura walipiga kelele mpaka baba akasema wanamshinda mchungaji. Halafu katikati kabisa, ule mweusi. Mama alituambia ule si udongo kama mwingine, ni majani ya mafunjo ya miaka na miaka, yaliyolala ndani ya maji bila kuoza yakaisha. Ukisimama juu yake unatikisika. Humo walikaa kambare, na korongo taji walitaga humo kwa sababu mbwa hawezi kuwafikia.

"Udongo ndio unachagua wa kukaa naye," alikuwa akisema. "Wewe usiuchagulie."

Kambare tuliwala na mawese na ugali wa muhogo, tukigombania kichwa. Mafunjo tulikata ya mikeka tu, tena ya pembeni. Watoto wa siku hizi ukiwatuma bondeni wanauliza kwanza kama mtandao unashika. Wangu mmoja alimwona kaa akakimbilia kumpiga picha, kaa akaingia shimoni, akarudi kunilalamikia mimi, kana kwamba nilimtuma kaa aondoke.

Tulipoondoa matanga, tulikaa uani kugawana alivyoacha mama. Mashamba ya juu hayakuwa na maneno. Bonde likamwangukia Zakayo, mdogo wangu, naye akasema atachimba mtaro katikati ya mafunjo, maji yatoke, alime kabichi za kuuza Kibondo. Nilimwambia mama asingekubali. Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio uliniuma.

"Dada, mafunjo hayaliwi. Nina watoto wanne shuleni. Mama naye alitulisha kwa jembe, hakutulisha kwa korongo."

Alichosema ni kweli, na mimi sikuwa na kitu ila huzuni yangu. Nilijua tu kwamba mtaro ukichimbwa, kile kisehemu ambacho bado namwona mama ndani yake kitaondoka, na hiyo si sababu ya kumnyima mtu kabichi.

Aliyemjibu ni Baba Nduwayo, jirani wa ng'ambo ya bonde, aliyekuja kukaa nasi matanga yote. Yeye upande wake aliukausha zamani kwa mtaro. Mafunjo yalipokauka akayachoma ili asafishe shamba, kama tunavyochoma huku juu, na moto ukaingia ardhini. Ule udongo mweusi uliungua kwa chini, ukitoa moshi wiki nyingi bila mwali, na hakuna aliyejua pa kumwaga maji. Ukabaki majivu na nyufa. Vyura walihama, panya wakaja.

"Zakayo," alisema, "mimi nilivuna kabichi kubwa misimu miwili. Baada ya hapo hata magugu yalinikataa. Chemchemi yangu imekufa, mke wangu anachota kwenu. Ukichimba na wewe, tutachota wapi sote?"

Asubuhi nilimkuta Zakayo bondeni ameshika jembe, nikadhani ameanza mtaro. Alikuwa analima matuta kwenye ule wa kijivu, pembeni, na ndoo ya kumwagilia iko kando. Aliniomba tu nimletee mbegu.

Kabichi zake ni ndogo, lakini zinauzika. Baada ya kuvuna alikwenda na Baba Nduwayo wakaziba mdomo wa ule mtaro wa zamani kwa mawe na udongo wa kunata. Maji yamesimama tena juu ya majivu, na wiki iliyopita wanangu walinivuta mkono nikaone: machipukizi ya mafunjo, membamba kama penseli. Picha walipiga, bila shaka.

Naliwaza sana jambo hili. Sisi tulizaliwa tukalikuta bonde limejaa, tukala kambare wake tukidhani ndivyo dunia ilivyo. Hawa wanangu bibi yao hawatamwona tena, wala vyura wa ng'ambo bado hawajawasikia. Ila bonde linarudi, na wao wanaliona likirudi. Sisi hatukuwahi kuliona hilo.