Mkono wa Chumvi wa Mama Chileshe

Katanga ilipojitangaza nchi na bendera mpya ikaanza kupepea mjini, Mama Chileshe hakuona kilichobadilika sana. Wanawake waliendelea kuingia siku zao, na sufuria ziliendelea kutaka chumvi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwa desturi ya kwao, mwanamke aliye mwezini hatii chumvi katika mboga ya familia; huita mtoto, au mama aliyekwisha kukoma hedhi. Chileshe alikoma zamani, na lupango zima, nyumba zote za ule ua, lilimwita yeye. Alitia, akakoroga, akaonja. Kisha akaonja tena, maana mara ya kwanza ulimi ulikuwa haujawa tayari. Mjane yule hakuwahi kulala njaa.

Hivyo alijua siku za kila mwanamke pale, wala hakumwambia mwanaume hata mmoja. Umbea wake ulikuwa na mpaka.

Sufuria iliyoanza kumtia wasiwasi ni ya Mwape, binti wa Kipushi aliyeolewa na Symphorien, karani Mkasai. Zamani Mwape alimwita siku chache tu kila mwezi. Sasa hajamaliza kumwita, anamwita tena. Tusimfiche: mwanzoni Chileshe alifurahi, maana Mwape alijua kupika sombe, kisamvu cha kwao. Lakini uso wa Mwape ulianza kupauka, na kupanda ngazi ya mlango tu kulimfanya aheme.

Basi Chileshe akajitia uganga. Alimlisha mchicha wa lengalenga wenye karanga. Alimpikia ngai-ngai, yale majani machachu, mpaka meno yakafa ganzi, akamtafutia na maini. Akachemsha magome fulani aliyoapa kwamba bibi yake aliyatumia. Mboga na maini vilimrudishia Mwape nguvu kidogo, hilo tukubali. Damu yenyewe haikujali. Magome yalimharisha tu.

"Dawa inatumika kazi yake," Chileshe alisema, "inaanzia kwa tumbo."

Siku Mwape alipoanguka jikoni, mwiko mkononi, Chileshe aliacha maneno yake yote. Aliogopa kweli. Huyu mtoto atakufa, alijiambia, na mimi nimekaa nala mboga zake. Mwape alipaswa kupelekwa hospitali, na wa kumpeleka alikuwa mume. Lakini kumwambia mwanaume mambo ya damu? Afadhali atembee uchi sokoni! Akamvizia Symphorien mlangoni, akasema kwa mafumbo.

"Baba Symphorien, kwa nyumba yako bibi hatiake tena mucele. Siku mingi sasa. Uangalie hiyo neno."

Kwao Chileshe, upande wa Pweto, mucele ni chumvi. Kwa Symphorien, aliyejifunza Kiswahili chake shuleni, ni mchele. Jioni alirudi na mfuko wa mchele begani, jasho likimtiririka, baada ya kuusaka mji mzima maduka yakiwa matupu.

"Merci, mama. Sikujua ulikuwa umekwisha."

Chileshe alimtazama yeye, akautazama mchele, na haya yote ikamwisha.

"We baba! Bibi yako anatoka damu! Damu ya banamuke, haikauke! Umupeleke ku hôpital!"

Mfuko ulimponyoka Symphorien. Kuku wa lupango walikula vizuri siku ile.

Wakampakia Mwape nyuma ya baiskeli, Symphorien akaisukuma, Chileshe akimshikilia asianguke. Njiani palikuwa na kizuizi cha wanajeshi, na siku zile Mkasai, aliyehesabiwa mgeni Katanga, hakukosa kutafutiwa sababu ya kukamatwa kwenye kizuizi.

"Huyu mwanamuke anaugua nini?" aliuliza kijana mmoja mwenye bunduki.

Kabla Symphorien hajafungua mdomo, Chileshe akapita mbele.

"Unataka kujua, mutoto yangu?" alisema kwa sauti ya sokoni. "Nitakuambia yote. Ile damu yake, kwanza inatoka mabonge, hivi, na bitambaa..."

Hakufika mbali na vitambaa. Kijana alikuwa amegeuza uso, anapunga mkono kwa nguvu.

"Mupite, mama! Mupite bote!"

Hakuna aliyekumbuka kumwomba Symphorien karatasi.

Hospitali walikuta uvimbe katika mji wa mimba, wakautoa. Daktari alisema mgonjwa aendelee kula mboga na maini, na magome yatupwe. Chileshe alisikia nusu ya kwanza.

Mwape alipopata nguvu, Chileshe aliingia jikoni kwake kwa mazoea, vidole vimekwisha kukunjwa tayari kushika chumvi. Mwape akamsogezea kigoda. Akachota chumvi mwenyewe, akatia, akakoroga. Chileshe aliuangalia mkono ule usiotetemeka, machozi yakamlenga, akasingizia moshi.

Waliketi kula. Chileshe alisema chumvi imezidi, akasukuma sahani aongezewe. Symphorien alimeza tonge la kwanza, akainua macho. Safari hii alijua anauliza nini.

"Mucele ni nani ametia?"

"Ni mie," alijibu Mwape.