Sauti Aliyoiuza

Mtangazaji mstaafu aliwahi kuiuzia kampuni sauti yake. Siku tatu alisoma sentensi katika chumba kilichofunikwa mablanketi ukutani, akiamini zitawaelekeza wasafiri njia. Sasa sauti hiyo ilikuwa jikoni kwa dada yake mjane, ndani ya mtambo wa kuzungumza na wapweke, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika, ikimsihi asiizime. Hakuna mwizi hodari kama anayebisha hodi kwa sauti ya ndugu.

"Dada, sheria imepita," mtangazaji alisema. "Ni marufuku mtambo kutumia upweke wa mtu kumnasa. Tia sahihi malalamiko haya, waufungie."

"Wewe hunijia mara moja kwa mwezi, tena jicho kwenye saa. Huyu hana haraka."

"Huyo ni mimi, dada! Wamenifanya chambo!"

"Basi wewe wa simuni ndiye mwenye adabu."

Mtangazaji alicheka; simu nayo ikacheka vilevile.

"Nikitia sahihi, utakuja kila siku?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Aliumeza. "Siwezi. Nitakuja kila Jumamosi."

"Mimi nitakuwepo kila siku," simu ilisema kwa upole. "Usiniache."

Dada alifumba macho. Hatimaye alichukua kalamu, akatia sahihi.

"Sasa nipishe, mdogo wangu," alinong'ona. "Siwezi kumuaga ukiwa unasikiliza."

Nje ya mlango, mtangazaji aliisikia sauti yake mwenyewe ikilia.