Kofia Ngumu Moja ya Steji Yetu

Mdogo wangu aliniomba kofia mbele ya watu, nami nikamnyima mbele ya watu. Hilo lilitokea miaka ya tisini, kando ya barabara ya Koboko kwenda Arua, kwenye kibanda cha mama aliyeuza chai na mandazi mbele kidogo ya kizuizi cha polisi. Wengi waliokuwepo siku ile wamekufa au wamehama. Ningeweza kulisimulia nipendavyo na asiwepo wa kunibishia.

Lakini lazima nirudi nyuma kwanza, kwa sababu chuki yangu kwa kofia za pikipiki haikuanzia hapo.

Mwaka 1979, serikali ya kijeshi ilipoanguka, nilikuwa karani kijana kwenye ghala la tumbaku mjini Arua. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kazini walinipa pikipiki ya kuzungukia wakulima, pamoja na kofia ngumu nyeupe. Niliipenda kofia ile. Niliingia nayo hata dukani. Ilikuwa inabana, ikaniachia mstari kwenye paji la uso. Sasa, kwetu Koboko nyumba nyingi zilikuwa na mtu jeshini, na askari wa serikali mpya walipofika walianza kuwatafuta wanajeshi wa zamani waliovua sare. Walitazama miguu kama ina alama za buti, bega kama lina sugu ya bunduki, na paji la uso kama lina mstari wa bereti.

Walinisimamisha karibu na Aroi. Askari mmoja alinivua kofia, akapitisha kidole gumba juu ya nyusi zangu, akasema, "Bereti." Nikamwambia ni kofia hii hii ya pikipiki. Hakubishana nami. Alinivisha tena polepole, akaivua, akatazama, akanivisha tena na kuigeuza kidogo upande, kama mtu anayetafuta mfuniko wa sufuria yake. Mwenzake alisogea, wakaanza kujadiliana kama mstari unakaa juu ya mstari au haukai. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, mikono juu, nikijitahidi nisimeze mate. Mwishowe wakaniambia niende. Nilisukuma pikipiki hadi wasiponiona, nikaitupa kofia kwenye nyasi ndefu. Muda mfupi baadaye tulivuka na ukoo wote kwenda Sudan, na huko tulikaa miaka.

Tuliporudi Koboko, mimi na mdogo wangu tulinunua pikipiki, kila mmoja yake, tukawa tunabeba watu na mizigo hadi Arua. Steji yetu, yaani kituo chetu cha pikipiki za abiria, ilikua haraka. Wenzangu walinichagua mwenyekiti kwa kuwa nilisoma na nilijua kuongea na wakubwa. Kisha polisi wakaanza kuisimamia sheria ya kofia ngumu. Wakaweka kizuizi katikati ya safari, na dereva asiye na kofia alirudishwa au alinyang'anywa ufunguo.

Tulifanya mkutano. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema kofia inaleta mapunye, mwingine kwamba ukiivaa husikii honi ya lori, mwingine kwamba abiria wakiona uso umefichwa wanadhani ni jambazi. Kisha nikasimama mimi, nikawasimulia habari ya Aroi, kidole gumba na yote. Walisogea karibu. Wengi wao walikuwa watoto wa wanajeshi, na kila mmoja alikuwa na baba au mjomba ambaye paji lake la uso liliwahi kushikwa. Niliwaambia kwamba mtu mwema hutembea kichwa wazi, akaonekana ni nani. Nilipigiwa makofi. Nikiyakumbuka makofi yale leo, naona aibu. Hofu yangu ilikuwa na sababu yake mwaka ule. Lakini miaka ilikuwa imepita, hakuna aliyekuwa akishika mapaji ya watu tena, na mimi niliichukua hofu hiyo nikaifanya akili.

Kwa hiyo tulipata njia yetu. Steji ilinunua kofia moja tu, nyekundu, iliyopasuka upande. Ilikaa kwenye mti ulio karibu na kizuizi, upande wa Koboko, kwa mtu tuliyemwamini. Dereva aliivaa, akapita mbele ya polisi, akaifikisha kwa mama wa chai, akaitundika kwenye msumari. Aliyetoka Arua aliivaa pale, akapita kurudi. Hivyo kofia ilishinda ikienda na kurudi mwendo ambao mtu angeweza kuutembea huku akimaliza muwa mmoja. Polisi walijua. Mmoja wao, mtu wa mzaha, aliniambia siku moja, "Mwenyekiti, hii kofia yenu leo imefanya kazi kuliko nyinyi yote. Mpe hata chai."

Kanuni ilikuwa moja: hakuna anayeondoka nayo. Ukiondoka nayo, wenzako wanakwama. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na niliisimamia kwa ukali ambao sikuwahi kuwa nao kwa sheria yoyote ya serikali.

Mdogo wangu hakupenda mpango huu. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kutengeneza chochote, baba wa watoto wadogo. Alikuwa ameona mwendesha pikipiki mmoja akianguka upande wa Omugo, na tangu siku hiyo alitaka kununua kofia yake mwenyewe kule sokoni Kongo. Wenzetu walimcheka kabla hajainunua. Kuna aliyewahi kuja na yake tukambandika jina Sufuria, na kila akifika mtu aliuliza kama ugali umeiva. Mdogo wangu aliogopa jina hilo. Na kaka yake, ambaye angeweza kuwanyamazisha, ndiye aliyecheka zaidi.

Siku yenyewe tulitoka Koboko pamoja asubuhi. Mimi nilibeba mfanyabiashara mmoja, yeye gunia la ufuta. Greda lilikuwa limepita barabarani na kuacha tuta la changarawe laini katikati, na gurudumu la mbele likigusa pale pikipiki ilicheza kama ng'ombe anayekataa kamba. Tulipofika kizuizini nilipita kwanza na kofia, nikaituma irudi na dereva aliyetoka Arua, kisha mdogo wangu akapita nayo. Alipofika kwa mama wa chai hakuivua. Alikaa juu ya pikipiki, injini inaunguruma, akasema, "Kaka, leo niende nayo hadi Arua. Mbele changarawe ni nyingi zaidi. Nitairudisha mchana."

Kulikuwa na madereva wengine wawili pale waliotoka Arua, wakisubiri kofia ili wapite. Mmoja wao alisema, bila kuinua macho kwenye kikombe chake, kwamba anaona sasa kofia imekuwa ya ukoo wa mwenyekiti. Mwenzake akacheka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Sikufikiria barabara. Nilifikiria uso wangu mbele ya wale wawili.

"Vua," nilimwambia.

"Kaka, tazama hiyo njia."

"Kama unaogopa njia, shuka, utembee. Vua kofia ya watu."

Mama wa chai, ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo yetu, alisema, "Mwache huyu mutu aende nayo, mwenyekiti. Hawa wawili iko na miguu, watangoja." Nilinyoosha kidole kwenye msumari. Mdogo wangu aliifungua kamba ya kidevuni, akaitundika msumarini, akaiweka vizuri kofia yake ya darizi aliyoivaa chini yake. Hakunitazama. Tukaondoka.

Nilitangulia. Baada ya muda lori la mizigo lilitupita likielekea Koboko, na vumbi lake likafunga kila kitu. Vumbi lilipotulia nilitazama nyuma, sikumwona. Nilisimama. Mfanyabiashara wangu aliuliza kama turudi. Nikasema hapana, amekasirika, anataka nimbembeleze, na simbembelezi mtu mzima. Niliwasha sigara. Niliivuta yote nikipanga maneno ya kumkemea. Sigara ile ilinichukua muda mrefu, kwa sababu maneno yalikuwa mengi.

Ndipo akapita mtu wa baiskeli, akasema huko nyuma kuna mwenzenu ameketi chini.

Nilimkuta kweli ameketi, ufuta umemwagika barabarani, pikipiki imelala ng'ambo ya tuta. Moyo wangu ulitulia, kwa kuwa alikuwa akiongea. Hakuwa na jeraha la kutisha, ila mchubuko mkononi na majimaji yenye damu kidogo yakimtoka sikioni. Aliniuliza, "Tumefika?" Nikamwambia bado, tuko njiani. Alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akaniuliza tena, kwa sauti ile ile, "Tumefika?"

Mfanyabiashara alinitazama, akashuka pembeni. Aliniambia nimwache yeye pale, nimpeleke huyu.

Nilimketisha mdogo wangu nyuma yangu, na yule mtu akanisaidia kumfunga kwangu kwa mipira ile tunayofungia magunia, kiunoni na kifuani, ili asianguke. Niliendesha nikisikia kidevu chake begani kwangu. Kila tuliporuka shimo aliuliza kama tumefika. Nilikuwa najibu bado, bado. Baadaye akaacha kuuliza, nami nikaanza kuuliza mimi. Nilimwambia aseme neno lolote, anitukane kama anataka. Mipira ilinikaza kifua, na uzito wake ukazidi kunilemea mgongoni.

Karibu na kuingia Arua polisi walikuwa wameweka kizuizi kingine, ambacho hatukukijua. Sikuwa na kofia, wala yeye. Askari alinyoosha mkono, nikasimama kwa kuwa kulikuwa na gogo barabarani.

"Kofia iko wapi?"

Nilimwambia afande, nina mgonjwa, niache niende hospitali. Alicheka kwa uchovu.

"Kila siku nyinyi iko na mgonjwa. Jana mgonjwa wenu alishuka akakimbia. Zima pikipiki."

Nilijua anasema kweli. Huo ulikuwa ujanja wetu mwingine: abiria alijilegeza, tukamfunga kwa mpira, tukapita vizuizini tukilia. Tuliucheka steji jioni. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu, akasema hata wa jana aliapa. Alinyoosha mkono achukue ufunguo. Sikuweza kushuka wala kugeuka, kwa kuwa nilikuwa nimefungwa pamoja na ndugu yangu. Nilibaki nikisema, "Mguse. Afande, nakuomba, mguse tu."

Alizunguka nyuma. Nilimsikia akiita mara moja, kisha akafungua jicho la mdogo wangu kwa kidole. Aliporudi mbele hakuwa na uso ule wa kwanza. Aliondoa gogo yeye mwenyewe, akasimamisha gari dogo la mtu wa Dadamu lililojaa mihogo, akaamuru mihogo ishushwe. Walikata mipira kwa kisu. Hakuniuliza tena habari ya kofia, na natamani angeniuliza.

Hospitalini daktari alisema ubongo umevimba na kwamba hakuna wa kumlaumu kwa kutokujua, maana wengi huamka wakiongea hivyo hivyo kisha huzama. Nilimwambia yuko wa kumlaumu. Alidhani nimechanganyikiwa, akanipa kiti.

Mdogo wangu alilala siku nyingi bila kufumbua macho. Wenzangu wa steji walikuja kwa zamu, wakaniambia ni mapenzi ya Mungu. Niliwaeleza nilivyomvua kofia, ingawa wawili kati yao walikuwapo na kuona. Waligeuza mazungumzo. Yule aliyesema kofia imekuwa ya ukoo wangu aliniletea maziwa kila asubuhi na hakuweza kukaa.

Mke wa mdogo wangu alikuwa pale tangu siku ya kwanza, akimfuta uso, akimwambia habari za nyumbani. Alikuwa amesikia yote kutoka kwa mama wa chai. Hakunisema. Nilitamani anitukane, nikajikuta namtafutia nafasi, nikikaa karibu naye kila alipokuwa peke yake.

Siku aliyofumbua macho mimi na mkewe tulikuwa kando ya kitanda chake. Mkewe aliinama akamuuliza kama anamjua. Alimtazama kwa adabu, akamwita mama, kama unavyomwita mwanamke yeyote usiyemfahamu anayekupa maji. Mkewe alirudia kumuuliza. Akajibu vile vile. Ndipo mkewe akanigeukia.

"Shemeji," alisema polepole, "nilikukabidhi mume wangu asubuhi ile. Huyu umeniletea nani?"

Nilimwambia kwamba watoto wake ni wangu, kwamba shamba lake nitalilima mimi. Alisema hilo hakuliuliza.

Nimelilima. Watoto wamekua, wana nyumba zao. Mkewe bado ananisalimia, ananipa chakula nikifika, na kati yetu hakuna ugomvi wala mazoea. Uenyekiti niliuacha. Pikipiki sikuipanda tena.

Mdogo wangu anaishi ua mmoja na mimi. Ana nguvu, anachota maji, anachambua maharagwe vizuri kuliko wote. Kila asubuhi nikienda kuketi naye huinuka, hunipisha kwenye kiti chake, kama inavyompasa mwenyeji, na huniuliza, "Mzee, umetoka mbali?"

Namwambia hapana, natoka hapa hapa. Ananikaribisha.