Filipo Aliyegeuza Uso

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Abuna, ndivyo waumini wa Kikopti wanavyomwita padri wao, aliniketisha kwenye benchi la nyuma la kanisa dogo la Mbwawa, hapa Kibaha, akaniambia nitazame ukuta mtupu mpaka adhuhuri. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilijifunza kuchora peke yangu, kwa kutazama simu na kuandika mabango ya saluni Mlandizi, na niliogopa kila kitu. Nilikuja na daftari lenye maswali thelathini na mawili. Alijibu moja.

"Abuna, nianzie wapi?"

"Anzia pale mtu anaposimama, binti yangu. Kuchora baadaye."

Nawaandikia ninyi mtakaoishika kazi hii ya kuchora picha za kanisani, kwa sababu mimi nimestaafu. Najua inachekesha, mtu wa miaka thelathini kusema amestaafu. Lakini kifua changu hakivumilii tena harufu ya vanishi, na daktari ameniambia nichague.

Kanisa la Kikopti linaelekea mashariki. Ukiingia, wanaume hukaa kushoto na wanawake kulia. Mbele pana sehemu iliyoinuka kidogo wanaposimama mashemasi, kisha ukuta wa mbao unaobeba ikona, yaani picha takatifu. Nyuma ya ukuta huo ndiko kuna haikali, chumba cha madhabahu, ambako hakuna anayeingia na viatu. Kila picha ina mahali pake. Kulia kwa mlango wa kati ni Kristo, na pembeni yake Yohana Mbatizaji. Kushoto ni Bikira Maria na Mwanawe. Juu ya mlango ni Karamu ya Mwisho, na huku na huku mitume, sita kila upande. Mbele huning'inia yai la mbuni. Abuna alinieleza kuwa watu wa kale waliamini mbuni hulilea yai lake kwa kulitazama tu, na akigeuka linaharibika. Niliyaandika hayo kwa wino wa bluu nikayapigia mstari. Kuyaelewa, sikuyaelewa.

Ukuta ulitengenezwa kwa mninga na Fundi Mkuu, mzee wa Soga, Mwislamu, mtu wa utani mwingi.

"Kwao ukuta huu unaitwa hijabu," aliniambia. "Nilipomwambia mke wangu natengeneza hijabu ya kanisa, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa."

Mimi nilikuwa napima mbao zake kwa mara ya nne.

"Binti, huo ubao haujarefuka tangu asubuhi."

"Nahakikisha tu, mzee."

"Na mimi nahakikisha unakula. Mihogo inapoa."

Kila ubao tuliupaka chaki ya unga iliyokorogwa na gundi, tabaka nane, na kila tabaka tukalisugua kwa msasa. Ndipo ikaja rangi ya unga iliyochanganywa na kiini cha yai. Nyuso za Kikopti zina macho makubwa, kwa kuwa wameona mambo makubwa, na midomo midogo, kwa kuwa hawakupenda kusema sana. Nilifuta jicho moja la Yohana Mbatizaji mara kumi na moja. Nakiri, sikufuta kwa ibada. Nilifuta kwa hofu ya kuchekwa.

Nilipofika kwa mitume, alinijia Mama Filipo. Alikuwa amehamia Mbwawa kutoka Singida na mwanawe wa pekee, Filipo, na huyo mwana alifariki mwaka ule ule.

"Mwanangu," aliniambia, "mtume Filipo mchore vizuri. Mimi nitasimama upande wetu wanawake, huko kulia, chini yake."

Basi nikampa Filipo ujuzi wangu wote. Kitu nilichokijua kuliko vyote ni uso wa upande, ule nilioufanyia mazoezi kwenye mabango: paji, pua, kidevu, mstari mmoja usiotetemeka. Mitume kumi na mmoja walitazama mbele. Filipo alitazama pembeni, na alikuwa mzuri kuliko wote. Kwa mara ya kwanza maishani sikuona cha kurekebisha.

Ijumaa Abuna alikuja kukagua. Jumapili Askofu angefika kuzipaka ikona mafuta matakatifu, na ikona ikishapakwa haiguswi tena na brashi. Abuna alisimama chini ya Filipo.

"Binti yangu, nani amemkosea huyu?"

"Sijaelewa, Abuna."

"Kwetu mtakatifu hutazama watu. Anayechorwa nusu uso, jicho moja, ni shetani au Yuda. Ni yule aliyetupa mgongo." Akanigeukia. "Kosa ni langu. Ningekuambia."

Nililia mbele ya Fundi Mkuu, nikamwomba Abuna amwondoe tu Filipo, ubao ubaki wazi, Mama Filipo aambiwe rangi haijakauka. Abuna alikataa kusema uongo kanisani. Akaniambia nikamweleze mwenyewe.

Nilimkuta akipalilia mihogo. Nilimweleza yote, hata lile la kutaka kumdanganya.

"Yaani umemchora mwanangu kama Yuda?"

"Ndiyo, mama. Kwa kutojua."

Aling'oa magugu mengine mawili.

"Hata Filipo wangu, ukimsema, alikuwa anageuza shingo hivyo hivyo. Siku ya mwisho pia niliondoka hospitali amelala ameugeukia ukuta. Haya, nenda kamgeuze."

Jumamosi asubuhi niliukwangua uso ule wote. Mama Filipo aliketi kwenye kigoda akinitazama, Fundi Mkuu akishika ngazi. Rangi ya yai hukauka upesi na haikupi nafasi ya kusitasita. Kufikia alasiri Filipo alikuwa anatazama mbele, ila jicho lake la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo. Nilimwomba Abuna siku moja zaidi.

"Kesho anapakwa mafuta," alisema. "Akishapakwa si kazi yako tena. Ni wa waumini."

Baadaye nilifanya kazi miaka kadhaa Kisarawe, kwenye kanisa dogo zaidi. Huko, katika Karamu ya Mwisho, uso wangu wa upande ulipata mahali pake. Sijaona Yuda mwenye pua nzuri kama yule.

Sasa kila Jumapili naja Mbwawa kama muumini wa kawaida, nakaa upande wa wanawake. Kwa muda mrefu sikuweza kuinua macho kulitazama jicho lile. Juzi, baada ya misa, nilijikaza nikamuuliza Mama Filipo kama aliwahi kuliona.

"Nililiona siku ile ile, nikiwa pale kwenye kigoda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelifuta."

Nikamuuliza, nikitumaini kidogo, kama labda mwanawe naye alikuwa na jicho lililoshuka.

"Hapana, mwanangu. Macho ya Filipo yalikuwa sawasawa," alisema, akijifunga vizuri mtandio. "Lakini huyu ananitazama."