Kafili Wangu na Elki Wake

Bosi wangu alikuwa mhandisi wa gesi, Mmarekani, mwenye shahada za kutosha kupamba ukuta mzima na ndevu zilizochongwa vizuri. Kila Agosti, joto la Doha likiwa limetukaba koo, alikuwa anatoka uani na bomba la plastiki, analiweka mdomoni, analia. Si kulia machozi. Analia kama mnyama. Sauti ilianza chini kama mlango uliokosa mafuta, ikapanda ikawa filimbi, ikaishia kwenye mikoromo. Mara ya kwanza niliacha vitunguu vinaungua nikatoka mbio, nikijua mtu kaanguka kutoka juu ya paa. Namkuta amesimama kando ya ukuta, kafumba macho, mwanamume mzima mwenye mvi, anakoroma ndani ya bomba.

"Nafanya mazoezi," akasema. "Hivi ndivyo dume la elki linavyolia msimu wa kupandana."

"Sawa, bosi," nikasema, nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Jioni, mlinzi wa geti la kompaundi, Mkenya tuliyezoea kugawana chapati, akaniuliza: "Mathe, huyo mdosi wako ako sawa kweli? Ama niite ambulensi?" Nikamwambia huyo mzima, ndivyo wanavyokuwa wakisoma kupita kiasi.

Elki ni kulungu wa kwao, mkubwa kama ng'ombe, ana pembe kama matawi ya mkwaju uliokauka. Kila Septemba bosi alikuwa anavuka nusu ya dunia kwenda kumuua mmoja. Mmoja tu. Nami nilikuwa nafua zile nguo zake za kuwindia, zenye picha za majani ili mnyama asimwone, kwa sabuni maalumu isiyo na harufu, eti elki ana pua kali. Elki yuko Marekani, mie nafua huku Doha, mtaa wa Al Thumama, na bado natakiwa niiogope pua yake! Juu ya hizo nguo za majani huvaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachowaka kama moto, ili wawindaji wenzake wasimtandike risasi. Nikamwuliza, sasa kujificha kwenyewe kuko wapi? Akasema elki haoni ile rangi. Haya. Halafu anajipaka mkojo wa elki jike, unauzwa dukani kwenye chupa yenye nembo. Wallahi, mkojo! Mimi niliyeacha Tanga nguo zangu nafukiza udi, nimekuja hadi Uarabuni kufua suruali ya mtu aliyejipaka mkojo wa mnyama kwa hiari yake.

Msidhani sijui kuwinda. Kaka zangu walikuwa wanatega kwale na kanga kule mashambani, wakibahatika wanarudi nao kwapani, Mama anawapika kwa nazi, tunakula tunalamba vidole, basi. Hakuna aliyepigiwa picha amepiga goti pembeni ya kanga.

Bosi naye alikuwa na ndege zake. Siku moja kanionyesha kwenye simu: uwanja wa nyasi, wanaume wamejipanga na bunduki, mbwa wanatangulia, ndege mwenye mkia mrefu anaruka, pa! Wanapongezana. Nikauliza hawa ndege wanaishi kwenye pori lile? Akasema hapana, wanafugwa kwenye mabanda, wanaachiwa asubuhi ile ile ya kuwindwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Bosi," nikamwambia, "huyo ni kuku. Kwetu kuku wa bandani tunamshika kwa mkono, tunapiga bismillahi, tunachinja. Hatumvalii buti."

Madamu, mkewe, alicheka hadi chai ikamtoka puani. Bosi hakucheka. Alizima simu akaenda kumkuna mbwa wake masikio.

Mbwa huyo sasa. Ni mbwa wa kuwindia ndege, wa ukoo, mwenye cheti, na chumba chake kilikuwa na AC nzuri kuliko ya kwangu. Doha kuna wale ndege weusi wenye midomo ya njano, wezi wa makombo, wamejaa kila kona. Walikuwa wanatua kwenye bakuli lake, wanakula chakula chake wanasaza, yeye amelala anawatazama. Mwindaji huyo! Kila alipolamba chombo nilikiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni tukiwa wadogo. Kopo langu la udongo nililiweka chini ya sinki. Madamu akaliona, akadhani ni la maua, akapanda mnanaa.

Nilikuwa nayacheka hayo yote, maana mtu wa mbali na kwao asipocheka atapasuka. Lakini yule mlia bombani ndiye aliyekuwa kafili wangu. Kafili ndiye aliyekuleta: visa ni yake, kazi ni yake, na miaka ile hata kutoka nchini ilikuwa kwa ruhusa yake. Bila khuruji, ndiyo hiyo ruhusa, pale uwanja wa ndege unarudishwa na tiketi yako mkononi. Na Al Thumama na uwanja ule ni pua na mdomo. Nilikuwa naosha vyombo, naziona ndege zinapaa dirishani.

Mwaka ambao mambo yaliharibika, Mama alianza kuvimba miguu, ikapanda tumboni, akawa hali chakula. Mama yangu alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa mtaa wetu wote waliotangulia, yeye ndiye aliyewaosha, na mie nilianza kumshikia kata ya maji kabla sijaolewa. Alinifundisha kuanza upande wa kulia, kumwaga maji taratibu kama unayemwosha mtu aliyelala usitake aamke, kumsitiri asionekane hata na wewe. Na alikuwa akisema mbele za watu, tena kwa maringo: "Mimi ataniosha huyu. Sitaki mkono mwingine." Watu wakimwambia aache maneno ya mikosi, anawacheka.

Basi nikamwendea bosi mwishoni mwa Agosti. Nikamwambia Mama hali yake si nzuri, naomba niende.

Alisikitika. Sitamsingizia, alisikitika, alivua hata miwani. Akasema tatizo ni kwamba mwaka huu jina lake limetoka. Kule kwao kumbe vibali vya kuua elki wa milima fulani vinapigiwa kura, na yeye amesubiri kura hiyo kwa miaka. "Oktoba," akasema. "Nikirudi tu, unaondoka, na tiketi nakulipia mimi."

"Na mbwa je, si kuna hoteli yao?" nikauliza, maana Madamu naye alikuwa anasafiri, na nilijua lililokuwa likimsumbua.

"Tulimpeleka mara moja. Hakula kabisa, maskini."

"Mama yangu naye hali, bosi."

Akainama. Nikaona nimempata, nikamsogelea kwa lingine: basi niachie khuruji kabisa, iwe tayari, likitokea la kutokea nipande ndege. Akainua simu yake akanionyesha. Siku hizi, akasema, inafanyika humu humu, popote alipo duniani, dakika mbili tu. Nimpigie tu. Nami nikamwamini, kwa sababu alisema kwa upole, na mtu akikataa kwa upole unajikuta unamshukuru.

Akaondoka na bomba lake. Madamu naye akaenda kwa wazazi wake huko huko Marekani. Tukabaki mie na mbwa.

Haikupita wiki mdogo wangu akanipigia. "Dada, njoo. Anakuuliza wewe tu. Sisi wengine hataki hata tumguse."

Nikampigia bosi. Simu haipatikani. Nikapiga tena, nikaandika ujumbe, nikatuma sauti nikiwa nalia. Hakuna. Nikampata Madamu. "Pole jamani," akasema, "yuko juu milimani, wamekwenda na farasi, hakuna mtandao kabisa. Ndiyo raha yake, unajua, anapenda pasiwe na simu. Akishuka tu ataona ujumbe wako." Nikamwuliza, hakuna mtu wa kumfuata? Akasema nchi ile ni kubwa mno. Nikamwomba basi anitolee yeye hiyo khuruji. Akasema angependa sana, lakini kafili ni mumewe, si yeye.

Yule Mkenya wa getini akanishauri nijaribu hivyo hivyo. "Enda tu, Mathe. Uwaeleze ni mamako. Pia wao wako na mama." Nikafunga begi, akaniitia teksi ya rafiki yake, tukafika uwanjani hata kabla sijamaliza kusoma dua ya safari.

Askari wa pale dirishani alikuwa na adabu. Akatazama kompyuta, akauliza kwa Kiarabu khuruji yangu iko wapi. Nikamwambia mama yangu anakufa, kafili hapatikani. Kafili yuko wapi? Nikamwambia yuko Marekani, anawinda. Uso ukamchangamka ghafla.

"Hubara?" akaniuliza. Hubara ni ndege wao wa heshima, wanamfuata jangwani na kipanga mkononi, na akili za watu wazima huwaruka wakimtaja.

"Si hubara," nikasema. "Elki."

Hakumjua. Nikajikuta nimesimama pale, begi miguuni, nimeinua mikono kichwani namwonyesha askari wa Kiarabu pembe. Watu nyuma wanasonya. Akatikisa kichwa, akanirudishia pasipoti, akasema Mungu amponye mama yangu. Nikarudi Al Thumama kwa teksi ile ile, na mbwa akanipokea anatikisa mkia.

Mama alifariki Alhamisi, adhuhuri. Kabla ya magharibi alikuwa keshazikwa. Waliomwosha ni majirani, watu wema, Mungu awalipe, lakini mdogo wangu, ambaye hajui kuficha kitu, akaniambia walibishana nani aanze, maana kila mmoja alikumbuka maneno ya Mama. Hapo ndipo nilipolia. Sikulia nilipoambiwa amekufa, nililia nilipoambiwa walibishana. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikamchukia mtu yule kwa jina lake, na jina la baba yake, na mnyama wake, na bunduki yake. Kuna mtu mahali fulani amejibanza nyuma ya mti, ananuka mkojo, anapuliza bomba, na ufunguo wa mlango wangu uko mfukoni mwake, simu imezimwa, raha mustarehe.

Ujumbe wake ulikuja siku wanaanua matanga kule nyumbani. Mie niliyaanua peke yangu Doha, kwa kisomo na sahani ya tende. Kwanza ilikuja picha: yeye kapiga goti, kashika pembe, meno yote nje. Alimtumia kila mtu, nadhani. Kisha ukaja wangu: Nimeona ujumbe wako sasa hivi, pole sana, nashughulikia. Na kweli zilikuwa dakika mbili. Khuruji ikaingia. Nikamjibu kwamba Mama keshazikwa. Mtu unapewa ufunguo nyumba ikiwa imeshaungua.

Nilikwenda Oktoba, nikakaa kaburini nikasoma Yasini, nikarudi Doha kwa kuwa wanangu niliowaacha Tanga walikuwa shule, na ada ya shule haijui msiba. Bosi alikuwa ameniletea zawadi, pakiti ya nyama kavu ya elki. Haikuchinjwa. Nilimpa mbwa, akainusa akaondoka, na siku hiyo peke yake nikampenda.

Kichwa cha yule elki kilifika mwaka uliofuata. Kumbe kuna mafundi wa kukikausha na kukitia macho ya kioo, na kazi yao inachukua miezi. Kilikuja kwenye sanduku la mbao kubwa kama jeneza la mtoto, wakakitundika sebuleni juu ya kochi, pembe zikakaribia kugusa taa. Nilikitazama. Mnyama mzuri, masikini, usoni hana hatia yoyote. Naye aliitwa kwa sauti ya uongo.

Bosi akaniita, mwenyewe kafurahi, ananielekeza kama fundi alivyomwelekeza. Kilijaa vumbi la safari. Maji ya vuguvugu, kitambaa laini, kikamuliwe vizuri, nifuate manyoya yanakolala, nisisugue, macho nisiyaloweshe. Nikapanda ngazi na beseni langu. Mkono wangu wenyewe ukaanza upande wa kulia. Nikapitisha kitambaa kwenye shavu, shingoni, nyuma ya sikio, nikasuuza, nikarudi tena, taratibu. Sikuwa nikifikiri. Nikageuka kukamua.

Yeye alikuwa chini ananitazama na simu yake.

"Una mkono mzuri sana," akasema. "Fundi mwenyewe hakukishika hivyo. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Basi nifikishie asante zangu," akasema, akapiga picha.