Mnafu wa Shangazi na Tope la Mjini

Shule niliacha darasa la sita, lakini kuuliza maswali sijaacha. Kwa hiyo nilipopata kibarua cha kuchota tope kavu kwenye mabwawa ya majitaka, chini ya mji wa Moshi, sikushangazwa na harufu. Nilishangazwa na nyanya. Zilikuwa zimejiotea juu ya lile tope, nyekundu, nono, kwa mbegu zilizopita matumboni mwa watu zikatoka salama.

Nikajaza viroba vinne vya tope hilo, nikampelekea shangazi yangu mlimani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Leo umeleta muujiza gani?"

Sikumficha. Alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani watu wa mjini wanakula mnafu wangu, halafu wewe unanirudishia!"

Tulimwaga vyote kwenye tuta moja la mboga hiyo kando ya migomba. Mnafu ukaota kwa fujo, majani mapana kama kiganja. Shangazi ni mjane, anaishi kwa mboga anazouza soko la Kiboriloni, na wateja wake huyapita mafungu ya wengine wakamsubiri yeye. Msimu ule alitembea kwa maringo kama bibi harusi.

Ndipo akaja mabwawani dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, na mabuti na vichupa vyake, kuchukua tope la kupima. Nilimfuata siku nzima kwa maswali. Akaniambia majitaka hayatoki vyooni tu. Gereji zimo, mafundi betri wamo, na metali nzito kama risasi na kadimi hutua kwenye tope. Mmea haujui kuchagua: ukinyonya chakula chake unazinyonya na hizo, unazipandisha hadi kwenye jani. Hazina ladha, na ukiosha hazitoki.

"Nyanya je?"

"Tunda hupata kidogo. Majani ndiyo hubeba."

"Na mnafu?"

Akaacha kuandika. "Mnafu ni mlafi wa kadimi. Kwa nini unauliza?"

Nilimletea fungu akalipime. Majibu yalipotoka, kadimi ilikuwa imezidi kiwango. Alinituliza kwamba mavuno mawili hayamdondoshi mtu, ubaya wake hujikusanya mwilini kwa miaka. Lakini mboga za tuta lile zisiliwe tena.

Kawaida yangu, jambo likiharibika, nahama. Nilishahama Tanga na Singida kwa makosa madogo kuliko hilo. Safari hii nilifika stendi, nikafikiria wale wateja wanaomsubiri shangazi, nikageuka. Kwenye ua wa kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, nikakata tawi la mmea wa sale, nikafunga fundo majani yake. Kwetu, anayekuja na sale mkononi anaomba msamaha, na kumkatalia ni mwiko.

Shangazi aliliona sale kabla hajaniona mimi. "Yesu na Maria! Umeua mtu?"

"Hapana shangazi. Nimeua mnafu."

Nikamweleza yote. Alikwenda tutani, akaung'oa wote kwa mikono yake, shina moja moja, mimi nikikusanya.

Siku ya soko alishuka na kikapu cha ndizi tu, akawaambia wateja mwenyewe. Nilisimama nyuma yake nikisubiri matusi. Mama mmoja, mteja wake wa miaka mingi, akashika kiuno. "Wewe ungenyamaza, nani angejua? Tuta jingine likikomaa, fungu la kwanza langu." Wengine wakaanza kugombania la pili. Shangazi akacheka kwa sauti, soko zima likageuka.

Jioni alinirudishia lile sale. "Nimekusamehe. Lichomeke pale tutani, lizungushie maua. Hayo hayaliwi. Na jembe liko mlangoni, usijifanye hulioni."

Misimu miwili imepita, sijahama. Sale limeshika mizizi na maua yanapamba kanisa. Mnafu tunaupanda upande wa juu, kwa samadi ya ng'ombe wake. Wapita njia hutuchokoza wakiuliza kama na maua nayo yametoka chooni.

"Ndiyo," shangazi huwajibu, "na padri anayasifu kila Jumapili."